Macho ya Kupeleka Kirundo

Darubini ile niliipata Kigobe, mtaa wa matajiri wa Bujumbura, siku niliyokwenda kuhamisha vitu vya mtu. Mgeni mmoja alikuwa anaondoka nchini, nasi vijana wanne tulibeba makabati yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwishoni likabaki sanduku la takataka, na ndani yake nikaona kitu cheusi chenye mabomba mawili. Nikamwuliza kama naweza kukichukua. Akasema kimevunjika. Nikamwambia hata shule yangu ilivunjika darasa la tano na bado nafanya kazi. Alicheka, akanipa.

Bomba la kushoto lilikuwa limepasuka kioo, lakini la kulia lilikuwa zima. Jioni hiyohiyo nilipanda Gihosha, nikasimama mahali ambapo mji wote uko chini ya miguu, nikaliweka lile bomba zima jichoni. Niliona winchi za bandarini kana kwamba zimesogea kuja kunisalimia. Nikageukia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, nikaona mabati ya Uvira yakimetameta, nchi nyingine kabisa, na milima yake ikiwa na makunyanzi kama ngozi ya tembo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Kwa miaka kumi na zaidi vita vilikuwa vimetufungia mjini. Milima iliyotuzunguka tuliijua kwa moshi wake tu. Sasa nilikuwa naweza kuchagua mti mmoja juu ya kilima na kuutazama mpaka nishibe.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo karibu yangu akanisemesha bila kugeuza kichwa.

"We kijana, uko unachungulia nani? Hapa watu wanakufa kwa bintu bidogo kuliko hicho."

Nikaificha ndani ya shati na kuteremka.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Mutakura, nyuma ya kibanda cha mwanamke aliyeuza chai na maandazi. Alinizidi umri kidogo, nikamwita Dada. Yeye aliniita Muswahili, kama Warundi wengi wanavyotuita sisi tuliozaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mjini, na katika neno hilo kuna heshima kidogo na mashaka mengi. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa Kirundo, karibu na lile ziwa dogo ambalo watu wa mjini huliita ziwa la ndege. Zamani, kabla ya vita, baba yake alikuwa akiwapeleka wageni ziwani kwa mtumbwi wake, kutazama ndege. Dada alikuwa akinisimulia habari hizo huku akikanda unga, nami nilimwuliza maswali mpaka akachoka. Ndege wa rangi gani? Wanalala wapi? Wageni walikuwa wanafanya nini wakishawaona?

"Wanaandika mu kadaftari," alisema. "Halafu wanacheka peke yao."

Nilipomwonyesha darubini alifuta mikono, akaitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Hii ndiyo jumeli," akasema, akiita darubini kwa jina la Kifaransa la wale wageni. "Muswahili, keti. Mungu amekuleta na akili zako mbaya."

Ndipo akaniambia jambo lililokuwa likimnyima raha wiki nzima. Mwanamke mfanyabiashara wa maharage alikuwa amemletea ujumbe kutoka kwa baba yake. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mwambieni binti yangu anitafutie macho."

Baba yake alikuwa mmoja wa bashingantahe wa kilima chao, yaani wazee walioapishwa kuamua magomvi ya watu. Kila mmoja wao ana fimbo fupi, intahe, ambayo huigonga chini anapotoa neno. Na sheria yao kubwa ni kwamba mshingantahe hasemi kitu ambacho hakukiona kwa macho yake. Basi miaka ile mvua ilikuwa imekataa kunyesha Kirundo, watu walikuwa na njaa, wakataka kukata mafunjo yote ya ziwani ili walime viazi na maharage kwenye ule udongo mweusi. Wazee wakakaa kujadili. Baba yake Dada akasimama, akagonga intahe, akasema mafunjo yasikatwe yote, kwa sababu misambi bado wanataga ndani yake. Umusambi ni yule ndege mrefu wa kijivu mwenye taji la nyuzi za dhahabu kichwani.

Wenzake wakamwuliza aliwaona lini. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kwa miaka mitatu. Alikuwa amewasikia tu.

"Sasa wanasema amedanganya na intahe mu mukono," Dada akasema. "Juma lijalo watakaa tena. Wasipopata mutu wa kuona hao ndege, watamnyang'anya ile fimbo. Muze wa miaka sabini na kitu. Akienda mu arusi atakaa nyuma na batoto."

"Wenyewe hawawezi kwenda kutazama?"

"Mafunjo iko mbali, katikati ya maji, na hao bazee baliogopa maji tangu kuzaliwa. Ni watu wa ng'ombe."

Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilikuwa nishakwenda moyoni. Kesho yake asubuhi nilikwenda stendi ya malori, nikatafuta kazi ya utingo, au konvwayeri kama tunavyosema sisi, kwenye lori lolote linaloelekea Kirundo. Nikampata dereva mmoja wa Buyenzi, mtu mnene aliyekuwa na tasbihi kwenye kioo, aliyekuwa anapeleka chumvi na angerudi na maharage. Kila mtu alimwita Shefu. Hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama naweza kubadilisha gurudumu bila kulalamika.

Shida ilikuwa njia. Magari ya kwenda juu yalikuwa yanaondoka kwa msafara, asubuhi, yakisindikizwa na askari, na njiani kulikuwa na vizuizi ambapo mizigo ilipekuliwa. Kijana mwenye darubini angeulizwa anataka kumwangalia nani. Dada ndiye aliyetoa thermos yake ya zamani, ile ya bati yenye maua mekundu. Nikaipeleka kwa fundi Buyenzi. Fundi akatoa chupa ya ndani, akaitenganisha darubini mabomba mawili kwa bisibisi ndogo, akalitumbukiza lile zima ndani ya thermos na kulizungushia tambara. Lile bovu akaliweka mezani kwake, na nadhani liko huko hadi leo.

"Ukiulizwa, sema imepasuka," akaniambia.

Lilikuwa shauri zuri, ila sote wawili hatukulifikiria hadi mwisho wake.

Tuliondoka siku ya Jumatano. Nilikaa juu ya magunia ya chumvi, upepo ukinipiga usoni, na barabara ikaanza kupanda. Mtu ambaye hajapanda barabara ile hajui furaha niliyokuwa nayo. Mji ulizama nyuma yetu, ziwa likawa sahani, kisha likawa kisahani. Nyuma ya lori letu walikuwa wamening'inia vijana watatu wa baiskeli, kila mmoja ameshika chuma kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine, wakivutwa juu bure. Upande wa pili wenzao walikuwa wanateremka na mikungu ya ndizi mitano, sita, wameinama juu ya usukani, kasi yao ikiwashinda madereva. Nilimwuliza mmoja wa wale walioning'inia kama breki zake ni nzima.

"Breki ni kandambili," alisema, akainua mguu kunionyesha soli iliyolika.

Kwenye kizuizi, kabla ya kufika Bugarama, msafara ulisimama na tukaamriwa kushuka. Baridi ilikuwa kali ambayo sijawahi kuiona Bujumbura. Askari kijana alipekua magunia, akapekua begi langu, akaiona thermos.

"Mimina chai."

"Imepasuka, shefu," nikamwambia askari.

Akaitikisa. Kitu kikagonga ndani.

"Imepasuka na unaibeba mpaka wapi?"

"Kirundo. Ni ya mama mumoja. Kule kuna fundi ataitengeneza."

Askari akanitazama. Akawaita wenzake wawili. "Njooni musikie. Huyu ni mutu wa Buyenzi, anatoa termosi Buyenzi, anaipeleka kwa fundi Kirundo."

Walicheka sana, na mimi nikaelewa. Nchi nzima huleta vitu vyake vilivyovunjika Buyenzi. Saa, redio, baiskeli, injini, vyote vinakuja kwetu. Hakuna mtu hata mmoja katika historia ya Burundi aliyewahi kutoa kitu kibovu Buyenzi na kukipeleka kwingine kutengenezwa. Ungeweza kumdanganya askari yule kwa maneno mia moja, ila si kwa hayo.

Wakaifungua. Bomba likatoka. Shefu wangu, aliyekuwa amesimama kando akijipuliza vidole, akafunga macho na kuanza kusogeza midomo. Aliitwa mkubwa wao, mwanamume wa makamo aliyevaa koti la mvua. Akalishika bomba, akaligeuza upande huu na huu.

"Unakwenda kutazama nini?"

Nikasema kweli, kwa sababu sikuwa na uongo mwingine. Nikamweleza habari za yule mzee, misambi, mafunjo na intahe. Nilikuwa nikisema haraka haraka mpaka naishiwa pumzi. Alisikiliza bila kubadilisha uso. Kisha akaliweka bomba jichoni na kulielekeza barabarani, kule vijana wa ndizi walikokuwa wakitokeza kwenye kona.

"Huyu wa mbele anatafuna kitu," akasema. "Muwa."

Askari wa kwanza akaomba atazame. Halafu wa pili. Wakalipokezana, kila mmoja akitaja anachokiona: mbuzi juu ya paa, mwanamke anasuka, mtu anakojoa akidhani yuko peke yake. Wakati huo magari ya mbele yalikuwa yameanza kupiga honi, na lori la nyuma yetu likajibu. Yule mkubwa akalichukua bomba, akanirudishia.

"Utapita hapa ukirudi," akasema. "Utakuja kuniambia ulichokiona. Ukiwa umeona askari, utabaki nami."

Shefu alikaza usukani mpaka Kayanza. Tulipofika Kayanza akasema maneno ambayo sitayaandika, akamalizia hivi: "Na thermos yenyewe haikuwa na hata tone la chai."

Kuanzia Ngozi kwenda kaskazini nchi ililegea. Vilima vikawa vya duara, anga likawa kubwa. Niliyaona maziwa kabla hatujafika, vipande vya maji vilivyolala kati ya vilima, nikampigia Shefu paa la kichwa cha lori kwa kiganja. Akanijibu kwa honi. Nilikuwa sijawahi kuona maji yasiyokuwa Tanganyika.

Mzee nilimkuta mbele ya nyumba yake, amekaa, uso ameuelekeza ziwani. Nilipomsalimia alisikia sauti yangu na kusema, kwa Kirundi, nami nayaandika hapa maneno yote ya huko kwa Kiswahili:

"Amenitumia Mswahili."

"Ndiyo, Mzee."

"Kulikuwa hakuna mtu mwingine?"

Nikamwekea bomba mkononi. Alilipapasa, akapitisha kidole kwenye kioo, akatabasamu, kisha uso ukabadilika. "Hili ni nusu."

"Nusu nyingine imekufa, Mzee."

"Sawa. Na mimi mwenyewe ni nusu." Aliliweka jichoni, akalishusha. Kwake lilikuwa giza tu, jeupe. Akanirudishia. "Siku zote nilisema macho. Nilikuwa nasema ya wale wazee wenzangu, si yangu."

Wazee walikaa siku iliyofuata, kwenye uwanja mbele ya ofisi ya kilima. Walikuwa kumi na mmoja, wengine wamevaa makoti makubwa ya sufu katika jua. Mkubwa wa upinzani alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kijivu. Hakuwa mtu mbaya. Nilipita nyumbani kwake asubuhi, nikawaona wajukuu zake. Nywele zao zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu kwa kukosa chakula. Alitaka udongo ule mweusi, na kila mtu angeutaka.

Baba yake Dada alisimama akasema macho yamepatikana. Akanyoosha mkono kwenye bomba. Mzee mmoja mwenye miwani akaomba alitazame kwanza, akalielekeza ziwani, akalisogeza polepole, halafu akasema, "Kuna kitu cha kijivu kinatembea."

"Nani amekiona?" aliuliza mzee wa kofia.

"Mimi."

"Wewe, au hicho kioo?"

Palitokea ubishi ambao sijawahi kuusikia tena maishani mwangu. Mzee wa kofia alisema mshingantahe husema alichokiona yeye. Kilichoonwa na bomba, bomba ndilo liapishwe. Baba yake Dada akamwuliza yule wa miwani, "Ukisoma barua ya mwanao, nani amesoma?" Watu wakacheka. Mzee wa kofia hakucheka. "Miwani yake tunaijua," alisema. "Tumekaa nayo miaka ishirini, haijatudanganya. Hiki kimeletwa jana na Mswahili wa Bujumbura, ndani ya thermos." Hapo wote wakanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Shefu, ambaye alikuwa anangoja maharage yake na amekuja kusikiliza, alinong'ona, "Ana haki."

Wakaafikiana hivi: bomba halitoi ushahidi. Kama misambi wako, wazee wawili waende wenyewe wakawaone, na wawe yule wa kofia na yule wa miwani. Waende kesho asubuhi, kwa sababu kesho ndiyo mwisho wa maneno. Wote walikuwa wanafikiria maji.

Mtumbwi wa Mzee ulikuwa umelala kifudifudi pwani ya ziwa kwa miaka mingi, umekauka, una nyufa ambazo kidole kingepita. Nilimwomba Shefu mpira wa ndani wa gurudumu la zamani. Alikataa, akatukana, akanipa. Nilikata vipande, nikavibandika kwa lami niliyoyeyusha kwenye kopo, Mzee akipapasa nyuma yangu na kuniambia, hapa bado, hapa bado. Sidhani kama nimewahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Nilikuwa nanuka lami, tumbo tupu, mke wa Mzee akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kwa kuwa sikunywa pombe yao ya mtama, nami nikayanywa yote bila kupumua. Kasia la Mzee lilikuwa limeliwa na mchwa. Tulitumia ubao wa kando wa lori.

Asubuhi tukaingia majini wanne. Mzee alikaa mbele na intahe yake magotini. Mimi nyuma na ubao. Katikati wazee wawili, wamejishikilia kingo kwa mikono miwili, makoti yao hadi shingoni. Mtumbwi ulipoachana na ardhi, mzee wa kofia alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Kisha Mzee akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akanyoosha mgongo, akaanza kusema kwa Kifaransa. Lilikuwa somo lake la zamani, lile alilowapa wageni, na lilitoka lote kwa mfululizo kama sala. Mabibi na mabwana, karibuni ziwani. Upande wenu wa kushoto mnaona kilima ambacho wazee wetu walisimulia kwamba ng'ombe wa wafalme walinyweshwa maji chini yake. Upande wenu wa kulia, kama mtanyamaza, mnandi anakausha mabawa. Naomba msisimame.

"Anasema nini?" aliuliza wa kofia.

"Anasema usisimame," wa miwani akajibu.

"Nani anataka kusimama?"

Lakini wote wawili walikuwa wamegeuza vichwa kushoto. Walikuwa wameishi chini ya kilima kile maisha yao yote, na walikuwa hawajawahi kukiona kutoka upande wa maji. Kutoka huku kilikuwa kirefu, cha kijani, na kivuli chake kilikuwa kimelala ziwani mpaka karibu yetu. Yule wa miwani alisema taratibu, "Nyumba yangu ile pale. Ni ndogo hivyo?" Mnandi akaruka, wakamfuata kwa macho. Yangeyange kumi na kitu wakapita juu yetu kuelekea upande wa Rwanda. Wazee walikuwa wamesahau kuogopa, nami nilikuwa nimesahau kupiga ubao.

Maji yalikuwa hayajasahau. Viraka vyangu viwili vilianza kutoa machozi, halafu kimoja kikatoka kabisa. Mzee wa kofia aliona viatu vyake vikielea. Alivua kofia yake ya kijivu, akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, na ndivyo alivyofanya safari nzima.

"Kulia kidogo," alisema Mzee, akiwa ameinamisha sikio. "Pole pole. Sasa acha."

Tukaingia kwenye mlango mwembamba kati ya mafunjo. Yalitupita vichwa. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na kitu. Tukangoja. Niliposikia moyo wangu unapiga nilidhani utawafukuza ndege. Ukapita muda mrefu, maji yamefika kwenye vifundo.

"Basi," alisema mzee wa kofia kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya ushindi. "Ndugu yangu, basi. Turudi."

Mzee aliinua kiganja. Mbele kidogo, ndani ya mafunjo, kitu kikavunja bua. Mtumbwi ulijigeuza wenyewe kwa kuwa niliacha kuushika, na pua yake ikaingia kwenye majani. Yule wa miwani alipigwa na mafunjo usoni, miwani ikaanguka ndani ya maji ya mtumbwi, akainama kuitafuta kwa mikono. Mimi nilikuwa nyuma, ukuta wa kijani ubavuni mwangu. Katikati ya mtumbwi, akiwa amegeukia pembeni mahali ambapo majani yaliachana, alikuwa amekaa mzee wa kofia peke yake, na kofia yake imejaa maji mikononi.

Nilimwona akiacha kuchota. Kinywa chake kikafunguka. Uso wake wote, uliokuwa umekunjamana kwa siku mbili, ukafunguka kama wa mtu anayepewa mtoto mchanga ashike. Kukasikika sauti kubwa kama tarumbeta iliyopasuka, halafu mabawa, mabawa makubwa, upepo wake ukatikisa mafunjo mpaka kwangu.

"Umeona?" Mzee aliuliza mbele, akiwa amempa mgongo.

Mzee wa kofia aliinama akaendelea kuchota maji.

Hakusema neno wakati wote wa kurudi. Yule wa miwani alikiri kwamba yeye hakuona chochote ila sakafu ya mtumbwi. Mimi sikuona, na hata ningeona, nani angemwuliza Mswahili? Nikaelewa jinsi mambo yalivyosimama. Heshima ya Mzee ilikuwa kinywani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na wajukuu wenye nywele nyekundu. Akisema hakuona, hakuna wa kumpinga. Nilipiga ubao nikitazama shingo yake nyembamba iliyolowa na nilitamani kumwuliza, nikaogopa. Mzee alikuwa amefunga macho. Somo la Kifaransa lilikuwa limekwisha.

Uwanjani watu walikuwa wengi kuliko jana. Mzee wa kofia alikwenda moja kwa moja katikati, kofia ikimdondokea maji mkononi, akagonga intahe chini mara mbili.

"Nimemwona," akasema. "Amesimama juu ya kiota. Ana mayai mawili. Mwenzake aliruka. Ndugu yetu alisema kweli kabla sijaiona." Watu walikuwa wanataka kushangilia, akainua mkono. "Na watoto wenye njaa nimewaona pia, asubuhi hii, kabla sijaondoka. Hilo nalo nalisema kwa macho yangu. Upande wa huku, karibu na nchi kavu, tulime. Kule ndani mafunjo yabaki."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyepiga makofi. Wazee walisimama mmoja mmoja wakagonga fimbo zao, na Mzee akagonga yake, na ilibaki mkononi mwake.

Bomba niliwaachia. Nilipoondoka juu ya magunia ya maharage, lilikuwa mkononi mwa mzee wa kofia, analielekeza ziwani na kumwambia Mzee anachokiona. Mzee alikuwa anamsahihisha.

Kwenye kizuizi, yule mkubwa wa askari alikuwa pale, na koti lake la mvua. Akanijua.

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu," nikasema. "Nilimwona mutu aliyeona."

Akadhani namdhihaki, nikaona. Nikamsimulia yote, mpaka kofia. Nilipofika kwenye mayai mawili akatazama kando, barabarani, akaniuliza kama maji yalikuwa baridi. Kisha akapiga ubavu wa lori kwa kiganja tupite.

Dada alikuwa amesikia lori kabla sijafika. Alinikuta njiani, unga bado mikononi.

"Fimbo anayo?"

"Anayo."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Mteja mmoja akaomba andazi, akamwambia ajichukulie. Nilimweleza mara tatu. Mara ya tatu alitaka uso wa mzee wa kofia tu. Alipomaliza kufuta macho kwa mgongo wa mkono, akauliza, "Na termosi yangu?"

"Mama yako anaweka chumvi ndani yake."

"Muswahili wewe." Akacheka. "Baba hakunitumia neno?"

Alikuwa ametuma. Nilikuwa nimelibeba kutoka Kirundo nikilirudia kila kilomita nisilikosee: mwambie binti yangu macho nimeyapata, sasa anitafutie kasia, wageni wataanza kuja.

Redio ya jirani ilikuwa inasema kuhusu mapatano ya amani, kama ilivyokuwa inasema kila siku. Mimi nilikuwa tayari nimekwisha kwenda Buyenzi moyoni, kwa seremala. Wiki mbili baadaye tulipita kizuizini na Shefu, na kasia jipya la mbao nyeupe limesimama wima katikati ya magunia ya chumvi, refu kuliko mimi. Mkubwa wa askari alilitazama kutoka chini hadi juu. Hakuniuliza nalipeleka wapi. Aliuliza tu kama mayai yameanguliwa.